Msitu Ndani ya Ngama: Hesabu za Ukoo wa Cunard

Leo jina la Cunard linatajwa kwa meli za anasa, lakini ukoo huo ulitoka kwenye magogo. Abraham Cunard alikuwa seremala wa jeshi la Uingereza mjini Halifax, Kanada, na mwanawe Samuel alizaliwa huko mwaka 1787. Vita vya Napoleon vilipoziba njia ya mbao za Baltiki, Uingereza iligeukia misonobari ya makoloni yake, tena ikazitoza mbao za kigeni ushuru mzito. Baba na mwana wakaona mlango uko wazi, wakaingia katika biashara ya mbao.

Kwa nini familia moja ishike msitu, uundaji wa merikebu na usafirishaji, vyote kwa mpigo? Jibu limo katika gogo lenyewe. Gogo ni zito, linakula nafasi, na msituni bei yake ni ndogo. Kinachogharimu ni kulivusha bahari. Mwenye msitu asiye na chombo anamtajirisha mwenye chombo. Mwenye chombo asiye na shehena ya uhakika naye anakaa gatini akiwalisha mabaharia wasio na kazi. Aliye na vyote viwili, nauli yake haitoki nje ya nyumba.

Halafu kuna ujanja unaonifurahisha zaidi. Merikebu za wakati huo zilikuwa mbao tupu. Basi katika koloni la New Brunswick chombo kipya kilishuliwa, ngama ikajazwa mbao, kikaelekea Uingereza. Kule shehena iliuzwa, na mara nyingi chombo nacho kikauzwa. Msitu uleule uliuzwa mara mbili kwa safari moja! Vyombo vilivyorudi vilichukua wahamiaji, wengi wao Waayalandi, badala ya kurudi na farumi tu.

Tawi la biashara la Chatham, kwenye mto Miramichi katika koloni hilohilo, lilishikwa na Joseph, mdogo wake Samuel. Alikuwa na vibali vya kukata miti katika ardhi ya serikali, viwanda vya kupasua mbao, karakana zilizounda makumi ya merikebu, na maduka ambamo wafanyakazi wake walikopa chakula. Inasimuliwa kwamba aliporudi kutoka Uingereza kengele za kanisa zilipigwa. Mji mzima ulikula kwa mkono wake.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Msitu, karakana na merikebu vilitegemea bei moja tu, ile ya mbao Uingereza. Kuanzia mwaka 1842 London ilipunguza ushuru uliokuwa ukiwakinga watu wa makoloni, na msukosuko wa fedha wa 1847 ukamalizia. Joseph akafilisika, mamia ya watu wakakosa kazi. Simulizi za Miramichi zinasema aliukabili umati wenye hasira akiwa na bastola mbili.

Samuel naye hakuwa salama hivyo: mwaka 1842 aliwakwepa wadai wake Liverpool. Ila yeye tayari alikuwa na kitu ambacho mdogo wake hakuwa nacho. Mwaka 1839 alipata mkataba wa serikali ya Uingereza wa kubeba barua kuvuka Atlantiki, wenye malipo ya zaidi ya pauni 50,000 kwa mwaka, yasiyopanda wala kushuka na bei ya mbao. Meli za mvuke za kubeba barua hizo, Britannia ikiwa ya kwanza kusafiri Julai 1840, hakuziunda katika karakana za ukoo. Ziliundwa Scotland, injini zikatoka kwa mhandisi Robert Napier, na mtaji mwingi ulitoka kwa watu baki, wakiwemo George Burns na David MacIver. Kampuni ya meli hizo ilibaki na jina la ukoo, lakini fedha zilizoikuza hazikuwa za ukoo peke yake.

Ndugu hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1865, wote wakiwa Uingereza. Samuel alikuwa amepewa cheo cha ubaroneti. Joseph alikuwa wakala Liverpool, akiwauzia wengine, kwa kamisheni, mbao na merikebu zilizotoka Miramichi.