Utenganishaji wa Maktaba za Pamoja katika Vifurushi vya Debian
Katika Debian, maktaba inayotumiwa na programu nyingi huwekwa katika kifurushi chake, na jina la kifurushi hubeba namba ya kiolesura cha maktaba hiyo. Debian 11 ilikuwa na libssl1.1, Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, ikaja na libssl3. Kwa kuwa faili zao hazigongani, vyote viwili huweza kukaa katika kompyuta moja, na programu ya zamani ikaendelea kufanya kazi. Lau amri ya openssl ingewekwa ndani ya vyote viwili, dpkg ingekataa kusakinisha cha pili. Ndiyo maana ina kifurushi chake. Hata hivyo ustahimilivu huo una gharama, tena iliyojificha: libssl1.1 iliyobaki haipati marekebisho ya usalama kutoka hazina ya Debian 12.