Beki Mwepu Ilunga alijua sheria

Wandugu, kila Kombe la Dunia likikaribia, ile video inarudi kwenye simu zetu. Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, ukuta wa Zaïre umesimama, firimbi inalia, halafu beki namba 2 anatoka mbio na kuupiga mpira mbali kabisa. Watu wanacheka, eti Mwafrika hajui sheria. Mimi inanikasirisha.

Mwepu Ilunga alizaliwa 1949, akachezea TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Mazembe. Klabu hiyo ilikuwa bingwa wa Afrika 1967 na 1968. Desemba 1973 Léopards waliwafunga Morocco 3-0 kule Kinshasa, na tukawa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Machi 1974, kule Misri, wakachukua Kombe la Afrika: fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, wakashinda 2-0. Sasa wewe mwenye diploma, niambie: beki wa ekipi ile hajui mpira wa adhabu ni nini?

Ujerumani walianza kwa kufungwa na Scotland 2-0. Hiyo si aibu. Kisha ikaingia habari ya pesa. Wachezaji waliona kwamba marupurupu waliyoahidiwa hayatawafikia, wakataka kugoma. Mwishowe waliingia uwanjani na Yugoslavia, lakini roho haikuwepo: 9-0. Katika mechi hiyo Mwepu alimpiga mwamuzi teke, na aliyefukuzwa uwanjani ni Ndaye Mulamba, ambaye hakuwa amefanya kitu! Ndaye huyohuyo aliyefunga mabao 9 kule Misri.

Baadaye Mwepu alisimulia kwamba watu wa Mobutu walikuja hotelini na kuwaambia: mkifungwa na Brazil zaidi ya tatu, msirudi nyumbani.

Na Brazil walikuwa na haja ya tatu. Walikuwa wametoka sare mara mbili, 0-0 na 0-0. Scotland walikuwa na tofauti ya mabao mawili. Kwa 2-0 Brazil wangefikia tofauti hiyo lakini wangezidiwa kwa idadi ya mabao, wangerudi kwao. Kwa hiyo walisukuma mpaka wakapata 3-0. La nne halikuingia.

Kuhusu teke lile, Mwepu alitoa maelezo zaidi ya moja. Mara alisema alitaka kadi nyekundu, maana hakuona sababu ya kuendelea kuumia bure huku wakubwa wanakula pesa. Mara ilikuwa kupoteza muda, maana vitisho vya Mobutu vilikuwa kichwani. Wengine wanasema anajipinga. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kuwa na hasira na woga saa ileile. Kama una dada mwalimu "nouvelle unité", anayefundisha bila mshahara na bado anaogopa kugoma, hauhitaji nikueleze zaidi.

Mwamuzi Rainea, Mromania, alimpa kadi ya njano tu.

Mwepu alifariki Kinshasa, Mei 2015. Kama una mzee hapa Kisangani aliyesikiliza mechi zile kwenye redio, muulize sasa, na umuandikie majibu yake.