Makaa na Matofali ya Shimo Moja

Mashariki ya Edinburgh, katika pwani ya Uskoti karibu na mji wa Prestonpans, lipo jengo refu la mawe lenye mtambo mkubwa wa mvuke ndani yake. Hapo ni Prestongrange, palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Mtambo huo wa aina ya Cornwall ulifungwa hapo mwaka 1874 ili kuvuta maji kutoka shimoni, ukafanya kazi hiyo hadi 1954, na leo ndio pekee wa aina yake Uskoti uliobaki mahali pake pa kazi. Unastahili sifa zote unazopewa. Lakini katika eneo hilohilo, ambalo sasa ni jumba la makumbusho la wazi, lipo tanuri la matofali na bomba lake la moshi, na ni rahisi mno kulichukulia tanuri hilo kama biashara ndogo iliyojibanza kando ya mgodi. Mtazamo huo hauna haki. Kiwanda cha matofali kilikuwa nusu ya pili ya mgodi, na anayeusimulia mgodi bila kiwanda anasimulia nusu ya mambo.

Ushahidi wa kwanza umo ardhini. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, sehemu hii ya dunia ilikuwa na misitu ya kinamasi. Miti iliyoanguka na kufukiwa ndiyo iliyogeuka makaa. Udongo ulioishika mizizi yake nao ulibadilika: mizizi na maji vilipunguza zile chumvi zinazoufanya udongo uyeyuke upesi kwenye moto mkali, ukabaki udongo unaostahimili joto kali. Kwa hiyo mchimbaji aliyeondoa tabaka la makaa mara nyingi aliukuta udongo huo umelala chini yake. Huko Prestongrange ulichimbwa pamoja na makaa, ukageuzwa matofali na mabomba ya maji machafu. Gharama kubwa ya uchimbaji, yaani kuchimba shimo, kuvuta maji, kuingiza hewa na kuteremsha watu, ilikuwa imekwisha kulipwa kwa ajili ya makaa. Na makaa yenyewe yaliuhitaji udongo ule. Tanuru la chuma, kiwanda cha gesi, hata jiko la boila, vyote hujengwa ndani kwa matofali yasiyoyeyuka. Pasipo matofali hayo, moto mkali wa makaa ungeliteketeza tanuru lenyewe. Ndiyo maana kijiji cha Glenboig, huko Lanarkshire, kilijulikana nchi za mbali kwa matofali ya namna hiyo, katika wilaya iliyojaa migodi na viwanda vya chuma.

Tanuri la Prestongrange ni la mtindo uliobuniwa na Mjerumani Friedrich Hoffmann na kupewa hataza mwaka 1858. Anayelijua tanuri letu la kuchomea matofali, linalopangwa, kuwashwa kuni, kisha kusubiriwa lipoe kabla ya kubomolewa, ataona mara moja tofauti yake. Tanuri la Hoffmann ni njia ya vyumba iliyozunguka na kurudi ilikoanzia, na moto wake hauzimwi, unahamishwa. Makaa yaliyosagwa humiminwa kutoka juu kupitia matundu, chumba baada ya chumba. Hewa inayoingia hupita kwanza kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza huku yenyewe ikipata joto. Moshi unaotoka hupita kwenye matofali mabichi, ukayakausha kabla moto haujayafikia. Mbele watu wanapanga, nyuma wengine wanatoa, na moto uko katikati. Kazi ya namna hii inataka makaa kila siku, bila kukatika, na hakuna mahali pa kuyapata kwa urahisi kuliko mlangoni pa mgodi.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba mgodi wa Prestongrange ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilhali matofali yaliendelea kuchomwa hadi katikati ya miaka ya 1970. Kama kiwanda kilikuwa nusu ya mgodi, kiliishije peke yake? Muda huo unathibitisha kwamba matofali yalikuwa bado na soko. Hauthibitishi kwamba kiwanda kilijitosheleza. Mgodi ukifungwa pampu huzimwa, na maji yanayozamisha makaa huuzamisha na udongo. Kinachobaki ni malighafi iliyokwisha kupandishwa juu au inayoletwa kutoka kwingine. Pingamizi lililo zito zaidi linatoka Uingereza: matofali ya Fletton, karibu na Peterborough, yalitamba kuanzia miaka ya 1880 bila mgodi wowote wa makaa kuwa jirani. Ni kweli. Ila udongo wa Fletton una mabaki ya viumbe vya kale yanayowaka, kiasi kwamba tofali hujichoma kwa sehemu kubwa lenyewe. Wapinzani hao wa viwanda vya migodini walivishinda kwa sababu udongo wao ulibeba kuni zake. Mfano huo unaikaza hoja: bei ya tofali ni bei ya moto.

Waskoti nao walikuwa na udongo wa namna hiyo, juu ya vilima vya kifusi vilivyorundikwa kando ya migodi. Kifusi kile huitwa huko blaes, na kina chembe za makaa zilizosaidia kuchoma tofali kutoka ndani. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya matofali ya ujenzi ya Uskoti ilitengenezwa nacho, wakati halmashauri zilipokuwa zikijenga nyumba za kupangisha baada ya vita vyote viwili vikuu. Tofali hilo halikuwa na sura ya kupendeza, na mvua ya huko haina huruma, kwa hiyo kuta zilipigwa lipu ya kokoto. Hapo ndipo ninapoona sababu mojawapo ya usahaulifu huu: mtambo wa mvuke unaonekana, tofali la blaes limefunikwa. Familia za wachimbaji zililala ndani ya kuta zilizotokana na kifusi cha mashimo waliyoteremkia, na kuta hizo hazina kibao. Jumba la makumbusho la Prestongrange lina mtambo na tanuri katika uwanja mmoja, jambo ambalo si la kawaida. Ningependa mgeni aoneshwe kwanza mchoro wa shimo wenye tabaka la makaa na tabaka la udongo chini yake, kisha aongozwe moja kwa moja hadi tanurini.