Itifaki Imezingatiwa: Namna ya Kuzipunguzia Ruta Maneno

Neno itifaki, ambalo asili yake ya Kiarabu ni makubaliano, tumelizoea hadharani. Mhutubu akitamka "itifaki imezingatiwa", hulazimiki kusikiliza orodha ya wageni wote. Makala haya yanadai kwamba mitandao ya kompyuta nayo inauhitaji ufupisho huo, hasa pembezoni.

Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, inajulikana kwa mifupa ya kijana wa kale ambayo Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984. Tuchukulie kuwa zahanati ya huko imeunganishwa na Lodwar kwa kiungo chembamba kinacholipiwa kwa dakika. Kila upande una ruta, yaani mashine inayoamua data ipite wapi.

Ruta hujuzana njia kwa itifaki. RIP, iliyochapishwa rasmi mwaka 1988, hutangaza njia zote inazozijua kila sekunde 30, hata pasipo badiliko lolote, na ujumbe mmoja haubebi njia zaidi ya 25. Ruta ya Lodwar ikijua njia 500, itatuma jumbe 20, takriban biti 85,000. Kiungo cha kilobiti 64 kwa sekunde kitashikwa zaidi ya sekunde moja kila nusu dakika. Hilo, kwa maoni yangu, linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba kiungo hakilali kamwe: usiku kucha zahanati hulipia salamu za mashine.

Tiba iliyo nyepesi ni kuinyamazisha itifaki. Nariokotome ina mlango mmoja tu. Ruta yake iambiwe mara moja kwamba kila isichokijua kipelekwe Lodwar. Lodwar nayo iandikiwe njia ya kurudi, jambo linalosahaulika mara nyingi: barua hutoka, jibu halirudi. Aidha, matangazo yasielekezwe kwenye kompyuta za watumiaji, kwani huko hakuna ruta ya kuyasikiliza.

Penye njia nyingi, kama vile baina ya Lodwar na Kakuma, itifaki ibaki, lakini njia zinazofuatana zitangazwe kama moja. OSPF iliongezewa mwaka 1995 uwezo wa kukiacha kiungo kilale hadi pawepo badiliko. RIP ilikuwa imeshapata wake mwaka 1994.

Ukimya huo una bei yake. Salamu zilikuwa pia dalili ya uhai. Zikikoma, kiungo kinaweza kukatika usiku na muuguzi asitambue hadi asubuhi anapotuma ripoti.