Uwezekano, sampuli na hitimisho: maneno ya takwimu na mipaka yake

Hisabati katika shule za sekondari nchini Tanzania hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wanaodurusu pamoja, Songea kama kwingineko, huelezana kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno la kila siku linapoweza kuharibu hesabu iliyo sahihi. Mfano wa mahindi, zao kuu la chakula mkoani Ruvuma, unatosha kuonyesha tofauti.

Uwezekano (nm. u-). Nomino hii imetokana na kitenzi *wezekana*. Katika mazungumzo, "upo uwezekano" humaanisha tu kwamba jambo si muhali. Katika hisabati, uwezekano ni namba kuanzia 0, kwa jambo lisiloweza kutokea, hadi 1, kwa jambo la hakika. Ghala likiwa na magunia 200, na 10 kati yake yamebunguliwa, uwezekano wa kuchukua lililobunguliwa kwa nasibu ni 10/200, yaani 0.05. *Huenda* na *yamkini* hueleza makisio ya msemaji. Hayachukui nafasi ya namba hiyo.

Nasibu (nm. i-/zi-). Ni neno lilelile la *bahati nasibu*. Kuchagua kwa nasibu si kuchagua ovyoovyo: ni kuchagua kwa utaratibu unaolipa kila gunia nafasi sawa. Anayechukua magunia ya mlangoni kwa sababu yako karibu hakuchagua kwa nasibu.

Sampuli (nm. i-/zi-). Ni sehemu inayochunguzwa ili kulielewa kundi zima. Wanunuzi wa nafaka wana chombo chake: *bambo*, chuma chenye ncha kali na uwazi ndani, kinachochomwa guniani ili kutoa punje chache. Punje hizo ni sampuli. Shehena yote ni *kundi lengwa*. Kundi hilo lisiitwe "idadi ya watu" pale kinachochunguzwa ni magunia.

Hitimisho (nm. li-/ya-). Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tuseme magunia 20 yamechaguliwa kwa nasibu kutoka katika yale 200, na yote yameonekana mazima. Mwanafunzi huandika: "Hakuna gunia lililobunguliwa." Sentensi hiyo imevuka mpaka wa ushahidi. Hata kama magunia 10 ghalani yamebunguliwa, uwezekano wa kutolipata hata moja katika sampuli hiyo ni takriban 0.34, zaidi kidogo ya theluthi. Sentensi sahihi ni: "Sampuli haikuonyesha gunia lililobunguliwa." Vivyo hivyo, *nadharia tete* isiyokataliwa haijathibitishwa, ushahidi uliopo haukutosha kuikataa.

Tofauti hii ina gharama nje ya chumba cha mtihani. Mnunuzi anayesoma "hakuna" hulipia shehena yote kana kwamba imekaguliwa yote, na mkulima huweza kulaumiwa baadaye kwa udanganyifu asioufanya. Kwa mfasiri na mwalimu, kanuni ni moja: kitenzi cha hitimisho kisiahidi zaidi ya kilichoonwa. *Yaonyesha*, *yaashiria* na *yakadiriwa* huhusu sampuli na makadirio yake; *yathibitisha* na *hakuna* hudai kujua kila gunia, pamoja na yale ambayo bambo halikuyagusa.