Pini ya Kofia na Tundu la Jeti

Nilianza ufundi Tanga nikiwa na miaka 16, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzibua jeti za kabureta, vijitundu vya kupitishia petroli. Fundi aliyenilea alinipa uzi mwembamba wa shaba uliotoka kwenye waya wa umeme, akaniambia, "Usitie chuma humo, mwanangu. Ukilitanua tundu, pikipiki itakula mafuta mpaka mwenyewe akulilie." Tundu lenyewe halifiki milimita moja. Tangu siku hiyo naamini kulisha injini ni kazi ngumu kuliko kuiwasha.

Waliotutangulia waliliona hilo mapema. Injini ya Étienne Lenoir iliwaka Paris mwaka 1860. Mwaka 1876, kule Deutz karibu na Cologne, Nicolaus Otto akaunda ile ya mapigo manne tunayoitumia hadi leo: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Lakini zote zilikula gesi ya taa, iliyokuja kwa mabomba ya mji. Injini ilikuwa kama mbuzi wa kamba, haitoki pale lilipo bomba.

Petroli ndiyo iliyoikata kamba hiyo, ila petroli ni majimaji, na haiwaki vizuri silindani mpaka ichanganyike na hewa kwa kipimo. Karl Benz, katika gari lake la magurudumu matatu la mwaka 1886, aliipitisha hewa juu ya petroli iliyo chomboni ili izoe mvuke. Tabu yake ni kwamba sehemu nyepesi hupanda kwanza, nzito ikabaki chini, na kila gari linapotikisika mchanganyiko hubadilika.

Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua gari hilo bila kumwambia mumewe. Akawapakia wanawe Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya kilomita zaidi ya 100. Kituo cha mafuta hakikuwapo njiani, kwa hiyo pale Wiesloch alinunua ligroini, ndugu yake petroli, kwenye duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, alichomoa pini ya kofia yake akalizibua. Nampenda sana mama huyu. Kwangu mimi ni fundi mwenzetu kabisa.

Katika kabureta yake ya mwaka 1893, Wilhelm Maybach aliacha kuingoja petroli ipande yenyewe. Aliiweka kwenye kibakuli chenye boya, nalo hufunga njia petroli inapofika chini kidogo ya mdomo wa jeti. Pistoni ikishuka, hewa hupita kwa kasi na kuifyonza petroli, ikatawanyika kama ukungu. Mwaka huohuo Donát Bánki na János Csonka wa Budapest nao waliandikisha kabureta yao.

Rudolf Diesel alishika njia nyingine. Injini yake ya mwaka 1897, kule Augsburg, ilibana hewa tupu mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta, ndipo mafuta yakapulizwa ndani. Kompresa ya kupulizia ilikuwa mzigo mzito, kwa hiyo malori yalinufaika hasa baada ya kampuni ya Bosch kuanza kutengeneza pampu ya dizeli kwa wingi mwaka 1927.

Jumatatu iliyopita dereva wa bodaboda aliniletea pikipiki inayozimika kila akiachia mafuta. Nilifungua kibakuli nikakuta tope jekundu, na boya likielea juu yake. Nikamwita kijana ninayemfundisha, nikampa uzi wa shaba.