Vita vya Mezani: Historia Inayopimwa kwa Dadu

Mchezo wa vita wa mezani ni burudani ambayo ndani yake watu wawili au zaidi huyarudia mapigano ya kihistoria kwa kutumia sanamu ndogo za askari zilizopakwa rangi, mandhari ya vilima, mito na vijiji iliyojengwa kwa mkono, utepe wa kupimia, dadu na kitabu cha kanuni. Kila mchezaji hushika nafasi ya jemadari, huamuru vikosi vyake visonge, vifyatue risasi au virudi nyuma, na matokeo ya amri zake huamuliwa na kanuni pamoja na bahati ya dadu. Wapenzi wa mchezo huu, ambao wengi wao wako Uingereza, Marekani na katika nchi nyingine za Ulaya, hukutana majumbani au katika vilabu, na pambano moja huweza kuchukua saa moja au siku nzima kutegemea ukubwa wa majeshi. Mgeni anayeisogelea meza kwa mara ya kwanza huvutwa na rangi za sare na wingi wa askari, lakini kiini cha jambo zima kimo katika kile kitabu cha kanuni, kwa sababu kila kanuni ni hoja kuhusu historia: inadai kwamba mapigano ya zama fulani yaliamuliwa na jambo hili na si lile.

Hapo ndipo mchezo huu unapotengana na bao na sataranji. Mcheza bao huziona kete zote, zake na za mwenzake, na akifungwa hana wa kumlaumu ila hesabu zake mwenyewe. Jemadari wa vita halisi hakupata kamwe raha hiyo, kwani amri zake zilichelewa njiani, askari wake walichoka au kuogopa, na adui alijificha nyuma ya kilima. Kwa hiyo mchezo unaotaka kufanana na vita hauna budi kuyatafutia mashaka hayo mahali pake.

Waliolitafuta jambo hilo mwanzoni hawakuwa watu wa burudani. Mwaka 1780, Johann Christian Ludwig Hellwig, mwanahisabati wa mji wa Braunschweig huko Ujerumani, aliupanua ubao wa sataranji ukawa na miraba zaidi ya elfu moja, akaitia rangi mbalimbali kuonyesha milima, maji na misitu. Kasoro ya ubao huo ilikuwa miraba yenyewe, maana ardhi ya kweli haikukatwa vipande vilivyo sawa. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reiswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza yenye vipande vya plasta vilivyochongwa kwa sura ya mabonde na vilima, ambavyo viliweza kupangwa upya kila mara, na juu yake vikosi vilisogea kwa kupimwa umbali badala ya kuruka kutoka mraba hadi mraba. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliiacha meza hiyo ya kifahari na mwaka 1824 akachapisha mchezo unaochezwa juu ya ramani ya kawaida yenye kipimo cha 1 kwa 8,000, ambapo kila zamu iliwakilisha dakika mbili za vita, na vikosi vilikuwa vipande vidogo vya rangi ya buluu na nyekundu.

Ubunifu mkubwa wa Reiswitz mdogo ulikuwa mwamuzi. Wachezaji waliandika amri zao na kumkabidhi yeye, naye aliweka juu ya ramani vikosi vile tu ambavyo upande wa pili ungeweza kuviona, kisha akatupa dadu na kusoma jedwali la hasara. Mkuu wa wanadhimu wa jeshi la Prussia, jenerali Karl von Müffling, aliupenda mchezo huo kiasi cha kuwahimiza maofisa wautumie katika mafunzo. Hata hivyo majedwali yalikuwa mazito, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza yaachwe kabisa, mwamuzi mwenye uzoefu akate shauri kwa busara yake mwenyewe. Ugomvi huo kati ya jedwali na busara haujaisha mpaka leo, na klabu yoyote ya wachezaji inaweza kugawanyika kwa sababu yake.

Njia ya pili ilipitia katika vyumba vya watoto. Mwaka 1893, kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa madini ya risasi waliokuwa na uwazi ndani, ambao walikuwa wepesi na wa bei nafuu kuliko wale walioagizwa kutoka Ujerumani, na nyumba nyingi zikapata majeshi kamili. Mwandishi H. G. Wells aliwatumia askari hao alipotunga kitabu chake cha Little Wars kilichotoka mwaka 1913, ambacho kinaeleza vita vinavyopiganwa sakafuni kwa mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti vya mbao, hivi kwamba askari aliyeangushwa ndiye aliyekufa. Wells, aliyechukia vita, alishikilia kwamba mchezo wake ungemwonyesha yeyote jinsi vita vya kweli vilivyo vya kipumbavu. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Ulaya iliingia vitani.

Burudani hii katika sura yake ya sasa ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Marekani, Jack Scruby wa California alitengeneza sanamu na mwaka 1957 akaanzisha jarida la wachezaji. Huko Uingereza, Donald Featherstone, mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Southampton aliyewahi kupigana katika kikosi cha vifaru, alichapisha kitabu chake cha War Games mwaka 1962 na kuwafungulia mlango watu wengi waliodhani wako peke yao. Wakati huohuo kampuni ya Airfix ilikuwa ikiuza askari wa plastiki wenye urefu wa sentimeta mbili na ushee kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu. Si jambo dogo kwamba mkono mmoja wa burudani hii ulizaa kitu kilichoishinda kwa umaarufu: kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, za mwaka 1971, ziliongezewa mazimwi na wachawi, na mwaka 1974 ukatoka humo mchezo wa Dungeons & Dragons.

Sanamu nyingi za leo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa madini yenye bati au kwa plastiki, na huuzwa bila rangi. Kipimo kinachopendwa zaidi ni milimita 28, ingawa wapo wanaochagua milimita 15, au hata 6, ili meza ichukue majeshi makubwa. Milimita hizo kwa kawaida huhesabiwa kutoka unyayo hadi usawa wa macho, kwa kuwa kofia za askari wa zamani zilitofautiana mno kwa urefu, lakini kila mtengenezaji ana mkono wake, na askari wa kampuni mbili wakipangwa pamoja mmoja huweza kuonekana jitu mbele ya mwenzake. Anayeiandaa sanamu huanza kwa kukwangua kwa kisu na tupa ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, huigundisha juu ya kitako cha kadibodi au mbao, huipuliza rangi ya msingi, kisha hupaka koti, suruali, mkanda na uso kwa brashi yenye nywele chache. Baada ya hapo humwaga rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, ambayo hukimbilia kwenye mikunjo ya nguo na kubaki humo kama kivuli, na mwisho hugusa sehemu zilizoinuka kwa rangi iliyo nyepesi zaidi. Kitako hufunikwa kwa mchanga na majani bandia. Askari mmoja anaweza kula jioni nzima, na jeshi linahitaji mamia. Ndiyo maana wapo wapenzi wa mchezo huu ambao, kwa kweli, hupaka rangi zaidi kuliko wanavyocheza, na hawaoni haya kukiri hivyo.

Tukija kwenye kanuni zenyewe, mfano mmoja unatosha kuonyesha namna zinavyobishana. Katika vita vya Napoleon, sanamu moja huweza kuhesabiwa kuwa watu 20, hivyo sanamu 24 ni batalioni ya watu 480. Batalioni ya Waingereza imesimama katika safu mbili ndefu, na Wafaransa wanaijia wakiwa wamebanana katika msongo wa safu nyingi, yaani umbo linalosonga haraka lakini ambalo bunduki zake za mbele tu ndizo ziwezazo kufyatua. Kanuni rahisi inaweza kuwapa Waingereza dadu moja kwa kila sanamu tatu, jumla dadu nane, na kila dadu inayoonyesha 5 au 6 iondoe sanamu moja ya Mfaransa. Kisha batalioni iliyopata hasara itupe dadu tena kupima ari, yaani utayari wa askari kuendelea kusimama penye hatari.

Sasa mtunzi wa kanuni anapaswa kuchagua. Mwanahistoria Charles Oman alieleza ushindi wa Waingereza nchini Uhispania na Ureno kwa hesabu ya bunduki: safu ndefu ilifyatua nyingi, msongo ukafyatua chache. Anayemwamini Oman atawaongezea Waingereza dadu za risasi. Lakini mwaka 1981 Paddy Griffith, aliyefundisha historia katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst na ambaye mwenyewe alikuwa mcheza vita vya mezani mashuhuri, alidai kwamba Waingereza walinyamaza mpaka adui akawa karibu sana, wakafyatua mara moja au mbili, kisha wakamrukia kwa singe huku wakipiga kelele, na kwamba kilichowavunja Wafaransa kilikuwa mshtuko zaidi kuliko idadi ya maiti. Anayemwamini Griffith ataacha dadu za risasi kama zilivyo na kulipa uzito lile jaribio la ari. Meza hizo mbili zitatoa mchezo tofauti, na mchezaji atajifunza kupigana kwa namna tofauti, bila mtu yeyote kumhutubia juu ya historia.

Kanuni za De Bellis Antiquitatis, zilizotoka mwaka 1990 kwa ajili ya vita vya kale, zilipata umaarufu kwa kulishughulikia swali jingine, la amri. Kila jeshi lina vikosi 12 tu, na mwanzoni mwa zamu mchezaji hutupa dadu moja inayomwambia ni amri ngapi anaweza kutoa. Aliyepata 6 huendesha karibu kila anachotaka, aliyepata 1 huwatazama askari wake wakiwa wamesimama bure. Majedwali mazito ya Prussia hayakuwahi kueleza udhaifu wa jemadari kwa ufupi namna hiyo.

Afrika Mashariki nayo imo mezani, hasa kwa vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambapo kikosi cha Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 chini ya jenerali Arthur Aitken kilishuka pwani na kushindwa na askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Wachezaji hupenda kuwaingiza nyuki ambao, baada ya mizinga yao kutikiswa na risasi, waliwavamia wapiganaji: kikosi kikifyatua ndani ya shamba, dadu hutupwa, na ikija namba mbaya kikosi hutawanyika. Ni kanuni ya kuchekesha, lakini ni hoja dhaifu, kwa kuwa nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili. Kilichowaponza Waingereza ni makosa yao wenyewe: waliuonya mji mapema kwa kudai usalimu amri, wakampa Lettow-Vorbeck muda wa kuleta askari kwa reli, hawakufanya upelelezi wa maana, na wakawaingiza vichakani watu waliochoshwa na safari ndefu ya bahari. Kanuni nzuri ya Tanga ingemnyima mshambuliaji macho kabla ya kumletea nyuki. Shida ni kwamba kila anayeketi upande wa Aitken anajua tayari kilichotokea, na dawa yake ya zamani ni mwamuzi kubadili majina na kuigeuza ramani, ili mchezaji asigundue ni vita gani anapigana mpaka amechelewa.

Wako wanaouliza kama inafaa vita vya ukoloni vifanywe burudani. Swali hilo ni zito, na jibu lake linategemea zaidi nani anaachwa nje ya meza kuliko nani anawekwa juu yake. Sanamu za askari, maofisa na rugaruga (wapiganaji wasio wa jeshi rasmi) wa Afrika Mashariki zinapatikana madukani, na mapigano madogo ya porini huchezwa kwa furaha; lakini katika kampeni iliyoendelea hadi Novemba 1918 waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi, makumi ya maelfu yao, kwa njaa na maradhi, na mapambano ya saa chache mezani hayana nafasi yao. Mchezo wa kampeni, unaochezwa kwa majuma juu ya ramani na kuhamia mezani majeshi yakutanapo, unaweza kuwarudisha ikiwa mtunzi wake ataandika hesabu ya chakula. Mpagazi anayebeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku ameumaliza mzigo wake mwenyewe baada ya siku 25, na kama ni lazima arudi alikotoka, hawezi kwenda zaidi ya siku 12 hata asipompa askari wa mbele punje moja. Mchezaji aliyekabidhiwa hesabu hiyo pamoja na ramani ya nchi iliyo kati ya Rufiji na Ruvuma atalazimika kuamua apunguze posho ya nani, na kanuni inapaswa kumtaka aiandike idadi ya watakaokufa kwa uamuzi huo katika daftari lilelile anamoandika askari wake.